Mhudumu Hakimbii

Tulianza kwa kugombana, na tulichogombania ni neno moja tu. Nilikuwa nimefungua kibanda changu cha kushona pale Otonglo, ukuta kwa ukuta na hoteli yake, na asubuhi ya kwanza nikamsalimu kwa adabu zangu zote: "Habari ya asubuhi, Mama Hoteli." Akaweka sufuria chini. Akanitazama kuanzia kilemba hadi ndara, akasema, "Hoteli ninayo, lakini hilo si jina langu. Mimi ni mhudumu."

Nikacheka. Mimi ni mtoto wa Kaloleni, Kiswahili nimekinyonya pamoja na maziwa, na Kisumu nzima nimeizunguka. Huku kwetu ukisema mhudumu, watu wanamwona yule msichana wa baa mwenye kifungua chupa shingoni. Nikamuuliza, "Mhudumu wa baa gani, mama?"

Yawa! Nilifundishwa siku hiyo. "Sikiliza, fundi," akaniambia, na tangu hapo hakuwahi kuniita jina lingine. "Baa ina mhudumu. Kanisa lina mhudumu. Ndege nayo ina mhudumu. Mimi nilikuwa wa ndege, na nitabaki kuwa wa ndege hata nikipika omena, hivi vidagaa vya ziwa. Usinichanganye na wale wengine, hata wale wa kanisa."

Basi akawa Mhudumu. Soko zima lilimwita hivyo, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka, naye akawaitikia wote kwa sauti ile ile ya upole iliyonyooka. Mimi namwita hivyo mpaka leo, na najivunia kwamba nilikuwa jirani yake miaka yote ile ya themanini na tisini, wakati wengine walimjua kwa chai tu.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya mabati, kando ya barabara ya Busia, si mbali na kiwanja cha ndege. Meza zilipangwa safu mbili, na katikati aliacha njia nyembamba. Hapo ndipo alipopita na trei yake, magoti yamelegea kidogo, kana kwamba sakafu ingeinama wakati wowote. Hata chai ijae mpaka ukingoni, haikumwagika. Aliyekaa upande wa dirisha alihudumiwa kwanza, hata kama mwenye njaa zaidi ni yule aliyekaa njiani. Ukilalamika anakuambia, "Mkono wangu haupiti juu ya sahani ya mtu. Ngoja." Na unangoja.

Samaki wakiisha, hakukuambia "hakuna" kwa mkato kama hoteli nyingine. Alisimama mbele, mikono nyuma, akatangaza kwa Kiswahili, kisha Kidholuo, kisha Kiingereza: "Mabibi na mabwana, tunasikitika kuwajulisha kwamba vimebaki vichwa tu." Wavuvi walitoka mbali kuja kusikia tangazo hilo. Wengine waliagiza vichwa ingawa hawakuvitaka, ili tu asijisikie vibaya.

Halafu kulikuwa na vitaulo. Kila hoteli ya pale ilikuwa na jagi la maji na beseni la kunawia. Yake pia ilikuwa navyo, lakini kabla ya maji ulipewa kitaulo kidogo cha moto, kimekunjwa vizuri, kimeshikwa kwa koleo. Mwanzoni hakuna aliyejua kazi yake. Mvuvi mmoja, pande la mtu, alikitazama, akakigeuza, akauliza, "Nyar Kano, hii ni ya kukula ama ni ya kuvaa?" Nyar Kano maana yake ni binti wa Kano, kwa kuwa kwao ni kwenye tambarare za mpunga karibu na Ahero. Mwisho yule bwana akakiweka utosini kama mtu mwenye homa. Watu wakavunjika mbavu.

Mhudumu hakucheka. Alichukua kitaulo kingine, akajipangusa uso, shingo, viganja, taratibu, mbele ya wote, kana kwamba ni yeye aliyetoka safarini. Mvuvi akamwiga. Baadaye nikamwambia, "Lakini hukumwambia amekosea."

"Abiria hakosei," akasema. "Ni mgeni wa safari tu. Ukimcheka siku ya kwanza, hapandi tena."

Hiyo ilikuwa kwa abiria. Mtu asiye abiria, ole wake! Sijaona mwanamke wa kusahihisha watu kama yule. Chifu mmoja alisema barazani "wale wasichana wa ndege", naye akasimama katikati ya wazee, akamwambia, "Wahudumu, Chifu. Wahudumu." Mchungaji alihubiri kwamba Mungu yuko juu mawinguni, Mhudumu akamngoja mlangoni. "Mchungaji, mawinguni mimi nimepita. Kuna baridi, na hakuna mtu. Sema mbinguni." Uongo hakuuvumilia hata ule mdogo wa biashara, ambao sisi wengine tunaishi nao kama mke mwenza. Samaki wa jana alimwita samaki wa jana. Mimi nikimwambia mteja nguo imebaki vifungo tu, na ukweli ni kwamba sijaikata hata kitambaa, alikohoa kutoka upande wa pili wa ukuta.

Alikuwa mwanamke wa kuajabisha. Rangi ya midomo alipaka kila asubuhi, hata akienda kuparua samaki, na vijana walipomsema alijibu kwamba samaki naye ana macho. Angani alisafiri miaka, lakini ziwa hili la hapa mlangoni aliliogopa kama simba. Hakuwahi kupanda mtumbwi, hata wa kwenda kupiga picha. "Maji hayana rubani," alisema. Na ndege ikipita juu yetu, soko zima likiinua vichwa, yeye peke yake alibaki ameinamia vitunguu vyake. Nilidhani inamuuma. Labda ilimuuma. Ila mara moja moja alisema bila kuinua macho, "Leo rubani kachelewa," na alikuwa sahihi.

Kwani ilikuwaje akatoka angani akaja kwenye omena? Lile shirika la ndege lililokuwa la nchi tatu kwa pamoja lilivunjika wakati nchi zenyewe zilipogombana. Ndege zikaegeshwa, watu wakarudishwa makwao. Yeye alikuwa mmoja wa wasichana Waafrika wa mwanzo mwanzo kuvaa sare ile, zamani za ndege za pangaboi, zilizopita chini ya mawingu mpaka unahesabu ng'ombe wa watu. Hakulalamika. Alichukua alichojua, akakileta Otonglo. Chema chajiuza, alisema, kibaya chajitembeza.

Hadithi zake za abiria zilikuwa tamu, nami nilikuwa nikizima cherehani ili nisikie. Kuna mzee mmoja, safari yake ya kwanza, akitoka Nairobi kwenda Entebbe. Alipoona zulia ndani ya ndege akavua viatu, akaviacha juu ya ngazi, nje ya mlango, kama mtu anayeingia nyumba ya watu wenye adabu. Ndege ikaruka, viatu vikabaki. Walipofika, mzee akaanza kuvitafuta mlangoni, akainama huku na huku, na nyuma yake Wazungu wamejipanga wanangoja. Aibu ilimjaa mpaka akashindwa kushuka.

"Ukafanyaje?" nikauliza.

"Nikavua vyangu. Tukashuka wote wawili miguu mitupu, tukavuka kiwanja, nikimshika mkono. Waliokuja kumpokea wakadhani ndiyo desturi ya ndege. Mmoja akavua vyake huko huko getini."

Na yule bibi wa Kizungu aliyeikataa chai kwa sababu ya mkono ulioileta! Mhudumu alisimama na kikombe mpaka jirani zake wote wakaanza kutazama. Kisha akamwambia kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi, "Bibi, chai ni ya kampuni, mkono ni wangu, na kiti ni chako mpaka tutue. Bado una kiu?" Bibi akanywa. Akaomba cha pili. Mimi niliposikia hiyo nilipiga makofi peke yangu kibandani, na mpaka leo nikiikumbuka natembea nimenyanyua shingo, kana kwamba kikombe nilikishika mimi.

Lakini neno lake kubwa lilikuwa hili: mhudumu hakimbii. Ndege ikitupwa na dhoruba juu ya ziwa, vikombe vikigonga dari, watu wakiita mama zao, macho yote humtazama mhudumu. Akikimbia, wamekwisha. Akitembea, wanapumua. "Wewe hukuogopa?" nilimuuliza. "Niliogopa miguuni," akasema. "Usoni sikuogopa."

Nililiona hilo kwa macho yangu. Siku moja mafuta yalishika moto jikoni kwake, ndimi za moto zikaramba bati, na hoteli imejaa watu wa soko. Zogo! Wakaanza kusukumana kwenye kile kimlango. Mhudumu akaja na mfuniko mkubwa wa sufuria, anatembea, narudia, anatembea, akasema, "Tafadhali kaeni chini. Chakula kitachelewa kidogo." Watu wakakaa, wallahi! Akaufunika moto, ukazimika. Hakuna aliyeungua hata unywele. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshavuka barabara, na suruali ya mteja mkononi.

Sasa niseme la baba yake, maana bila hilo hujamjua.

Baba yake alikuwa mkulima wa mpunga na mzee wa kanisa, mtu ambaye pombe hajaionja wala hajaipitia mlangoni. Zamani binti alipopata kazi, ndugu mmoja alipeleka habari nyumbani: msichana ameajiriwa, atakuwa mhudumu. Mzee alijua wahudumu wa aina mbili tu. Wa kanisa hawezi kuwa, maana ni msichana. Basi ni wa baa. Wakamweleza, la, Jaduong', mzee wetu, ni wa ndege, anawapa abiria chakula na vinywaji. Vinywaji gani? Chai, soda, na kwa wanaotaka, bia. Mzee akasema, "Kumbe ni baa yenye mabawa."

Hakumlaani. Hakumfukuza. Alitoa amri moja: kazi hiyo isitajwe bomani kwake. Binti aje, asalimie, alime, apike, lakini kazi isitajwe. Na haikutajwa, miaka na miaka, hata mama yao alipofariki, hata shirika lilipokufa.

Nilikwenda naye huko mara moja, tumebeba sukari na unga. Alikuwa mwanamke mwingine kabisa. Aliinama, akanyamaza, akafua mashuka. Mgeni mmoja wa kanisa akamuuliza mzee, "Huyu binti wako alikuwa akifanya kazi gani?" Mzee akajibu, "Yuko Kisumu." Nikasubiri asahihishwe. Wapi! Yule aliyemsahihisha chifu alibaki anakamua nguo, macho chini.

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia, kwa hasira, kwa sababu mimi hasira yangu haina breki, "Kwa nini usimwambie? Umewalisha mawaziri angani, unaogopa mzee mmoja wa mpunga?"

Alitazama barabara hadi tulipokaribia mjini. Kisha akasema, "Fundi, mimi sitaki kumwambia. Nataka aniulize. Swali moja tu. Hata la kunikejeli. Hata akiniuliza kama kule juu kuna mvua."

Nikamshika mkono. Nilisikia vibaya, nasema kweli. Mtu anatamani swali jinsi wengine wanavyotamani shamba.

Miaka ikapita, mzee akazeeka, na macho yakaanza kumsumbua. Mwaka mmoja wa mvua kubwa aliletwa hospitali Kisumu, na daktari akasema jicho moja limepotea, na la pili lina presha. Asipopasuliwa Nairobi upesi, naye atakuwa gizani. Wakati huo huo mto ulikuwa umefurika Ahero, barabara ya Nairobi iko chini ya maji. Ile ya kuzunguka ni ya kutwa nzima ya kurushwa rushwa, na daktari alikataa mzee atikiswe. Ilibaki njia moja. Kanisa likachanga, tiketi mbili zikapatikana, yake na ya binti yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia mzee atasafiri na nini mpaka alipofika kiwanjani.

Nilikuwepo. Nilimshonea shati jipya kwa safari hiyo, na nilitaka kuliona likivaliwa. Abiria wengine wote walikuwa wamepanda. Mzee amesimama chini ya ngazi, Biblia kwapani, fimbo mkononi, na akagoma. "Mimi siingii baa," akasema kwa Kidholuo, kwa sauti ya mtu wa kanisa. Mchungaji akabembeleza. Wajukuu wakabembeleza. Injini zinanguruma. Kijana wa kiwanja akaanza kutazama saa yake.

Nilimtazama Mhudumu. Alikuwa amevaa gauni la bluu, nywele zimebanwa nyuma, midomo imepakwa rangi. Angeweza kumvuta. Angeweza kulia. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama cherehani, maana nilijua kinachogombaniwa pale si jicho peke yake. Mzee akirudi nyumbani, amerudi na giza lake, na lile swali analolingoja binti yake litazikwa pamoja naye.

Akapanda ngazi akiwa peke yake, bila haraka. Alipofika mlangoni akageuka, akanyoosha mgongo, akaweka mikono mbele, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia hata siku za vichwa vya samaki. Hakumwita Baba. "Bwana, karibu ndani," alisema. "Kiti chako ni cha dirishani. Shika mkono wa chuma upande wa kulia, ngazi ya kwanza iko juu kidogo kuliko nyingine."

Mzee akainua uso kuelekea ile sauti. Binti hawezi kumwamuru baba, hilo huku kwetu haliwezekani. Lakini huyu hakuwa binti, alikuwa mwenye mlango. Mzee akapapasa chuma, akakishika. Akapanda. Ndege ilipopaa nililia kama mtoto, kilemba changu kikalowa, na sioni haya kusema.

Jicho liliokolewa. Mhudumu aliporudi hakunieleza mengi. "Alikula," ndiyo habari aliyonipa. Swali je? Akatikisa kichwa. Hakuniuliza, alisema, alikuwa anachungulia tu dirishani.

Maji yalipokauka, mzee aliita maombi ya shukrani bomani kwake, nami nikaalikwa. Watu walijaa, kanisa zima, viti vya kuazimwa. Mhudumu alikuwa anapita na birika la chai. Mzee alikaa katikati, ndani ya shati langu, kitambaa kimefunika jicho lililokufa, na lile zima linang'aa kama la kijana. Mchungaji akamwomba atoe ushuhuda. Nikajua tutasikia habari za daktari.

Akaanza kwa ndege! Alisimulia kiwanja, ngazi, mkanda wa tumboni. Alisimulia jinsi Kano yote ilivyoonekana kama kioo kilichovunjika, na mashamba ya mpunga katikati ya maji. Akasema walipofika juu ya milima ndege ikaruka kama ndama, mama mmoja akapiga kelele, na yule msichana mhudumu akakaa, uso umemsawajika kwa hofu. "Lakini huyu wangu," akasema, akinyoosha fimbo kwa binti yake, "huyu alisimama! Akatembea! Akamshika yule mama bega, akamshika na yule msichana, akawaambia rubani anaijua hii njia. Watu wote wakanyamaza. Rubani mwenyewe alipotua alitoka kumpa mkono. Mnadhani kazi hiyo ni ya mchezo? Ni kazi ya wito!"

Watu wakapiga makofi. "Ber ahinya!" mama mmoja akashangilia, vizuri sana, kabisa. Mzee akanogewa. Akasogea mbele ya kiti. "Na nani alijua? Mimi! Alipokuwa mdogo nilimwona akibeba maji kutoka mtoni bila kumwaga, nikasema, huyu ni wa ndege. Nikampeleka mimi mwenyewe."

Ati nini? Nilikaribia kusimama. Miaka yote ile! Amri yote ile! Mdomo nilikuwa nimeshaufungua, na damu imenipanda kichwani. Nikamtafuta Mhudumu kwa macho, nikijua sasa itasikika, maana hajawahi kumwachia mtu neno la uongo, awe chifu, awe mchungaji.

Mama mmoja wa kanisa alimgeukia. "Nyar Kano, ni kweli? Ni Jaduong' alikupeleka?"

Mzee akaiegemea fimbo yake, na jicho lake moja likamkazia binti kwa namna ambayo sitaisahau. Kulikuwa na ombi ndani ya jicho lile.

Mhudumu akaliweka birika mezani. Akasimama wima.

"Ni kweli," akasema, kwa Kidholuo kisha kwa Kiswahili, ili wageni wote wasikie. "Baba ndiye alinipeleka."

Huo ndio uongo pekee niliomsikia akisema katika ujirani wetu wote, na aliusema uso umemjaa furaha kama bibi harusi.